Bila Wakala

Belém, 12 Agosti 1990

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake, umwambie ile dawa ya kifua niliyoituma kwa lori la ushirika anywe hadi iishe, si hadi ajisikie nafuu. Sisi tu wazima wa mwili. Lídia ametimiza miaka minne na haachi kuuliza maswali. Nivaldo hajambo, ila amekuwa mkimya, nawe unamjua mkweo: akinyamaza kuna jambo.

Jambo lenyewe ni kwamba kiwanda cha mbao kimefungwa. Tangu serikali ilipozuia akiba za watu benki, wateja walipungua mmoja mmoja, na Ijumaa iliyopita mafundi umeme wote waliambiwa wasirudi. Bila shaka umesikia kwamba Japani imebadilisha sheria. Wajukuu wa wale waliotoka kule kuja huku Brazili wanaruhusiwa kwenda kufanya kazi, pamoja na waume, wake na watoto wao. Mimi ni mjukuu. Nivaldo anasema atakuwa Mjapani wa kwanza mwenye nywele za kipilipili.

Tulikwenda kumwona wakala, Bwana Okubo, ambaye ofisi yake iko juu ya duka la dawa.

"Mama Lídia, kazi yangu ni kukuondolea usumbufu," alisema. "Viza, tiketi, kazi, nyumba, yote juu yangu. Nyinyi leteni miili ya kupanda ndege."

"Na pasipoti zetu atakaa nazo nani?" Nivaldo akamuuliza.

"Wenyewe. Mimi sifugi pasipoti."

"Na mtoto?" nikauliza mimi.

"Januari nina nyumba sita za familia karibu na Hiroshima. Vyumba viwili, na shule ya chekechea iko ng'ambo ya barabara. Zikiisha hizo, sijui nitapata lini nyingine."

Sikumwona kuwa mtu mbaya, Baba. Lakini sitaki kuamua bila neno lako. Nina sharti moja tu, nalo Nivaldo ameshalikubali: tunakwenda sote watatu au hatuendi. Sitamwacha Lídia nyuma.

Nasubiri jibu lako.

Binti yako,
Harue

*

Tomé-Açu, 26 Agosti 1990

Mwanangu Harue,

Marahaba. Mama yako amepokea salamu na amekasirika kuhusu dawa, kwa hiyo najua ulipatia. Pilipili manga mwaka huu imeponea chupuchupu ule ugonjwa wa mizizi. Tunashukuru.

Nimefundisha miaka thelathini na moja, basi nivumilie nikianza mbali. Babu yako Eikichi alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume. Kwa desturi ya kule, mtoto wa kwanza haondoki. Hubaki akatunza wazazi, shamba, na lile kabati ambamo wazee waliofariki hufukiziwa uvumba asubuhi. Yeye aliondoka. Kwa nini? Kwa sababu wakala alifika kijijini na picha za ardhi nyeusi isiyo na mawe, akasema baada ya miaka mitano mtarudi mkiwa matajiri. Babu yako akamwachia mdogo wake nyumba "kwa muda", akapanda meli. Hapa alikuta msitu na homa. Alizika watoto wawili kabla sijazaliwa mimi. Hakurudi tena.

Ndiyo maana sitaki mjukuu wake aingie nyumbani kwake akiwa ameshikwa mkono na wakala.

Kila nyumba kule ina ukurasa wake katika daftari la ukoo, linalotunzwa na ofisi ya mji. Bila nakala ya ukurasa huo huwezi kuthibitisha kwamba wewe ni wa damu yao. Nakala hiyo huchukuliwa na watu wa nyumba ile. Leo hii nyumba inakaliwa na binamu yangu Shigeo, huko Kumamoto. Hatujawahi kuonana, lakini kila mwaka mpya kadi yake hufika bila kukosa. Nitamwandikia. Atatupa nakala, atakuwa mdhamini wenu, na huenda akawatafutia kazi karibu naye. Nitamtumia kifurushi cha pilipili manga na ile picha yetu ya Pasaka, tukiwa wote mbele ya nyumba, ili atujue kwa sura.

Mwambie Bwana Okubo asante, hapana. Mtakwenda watatu, na mtapitia mlango wa mbele.

Baba yako

*

Belém, 4 Novemba 1990

Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua zimewaanzia vizuri na kifua cha Mama kimetulia. Sisi tunapumua.

Nimekuja na swali moja tu: Je, Shigeo amejibu? Nilikutana na Bwana Okubo sokoni, akinunua samaki, akaniambia bila kunitazama, "Mama Lídia, zimebaki nyumba mbili." Nivaldo alikuwa ameahidi kutosema kitu, akashindwa. Usiku huo alisema, "Watu wanapanda ndege, baba mkwe bado anasaga wino wa barua." Nilimgombeza, halafu tukacheka, halafu hatukucheka.

Nimemkatalia tena wakala. Nimemwambia baba yangu ana jamaa kule.

Lídia anakuuliza kama Japani kuna kasuku.

Binti yako,
Harue

*

Tomé-Açu, 10 Januari 1991

Mwanangu,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya. Mama yako ameponda wali wa kunata wa sikukuu peke yake na anadai mikono yake bado ni ya msichana. Mwambie Lídia kasuku hakuna, lakini kuna kunguru wakubwa kama kuku.

Jibu bado. Najua hilo si unalotaka kusoma. Mwezi Novemba nilituma barua ya pili, maana nilihisi ya kwanza ilikuwa fupi mno, na watu wa kule hawapendi kuombwa jambo kubwa kwa maneno machache. Nilimkumbusha Shigeo kwa adabu kwamba babu yako alikuwa mtoto wa kwanza, kwa hiyo sisi ndio tawi kubwa la nyumba hiyo, na kwamba hatujawahi kulisahau kabati la wazee wala shamba. Nikamalizia: "Sasa wajukuu wa Eikichi wanarudi nyumbani." Nilipoandika sentensi hiyo ilibidi niondoke mezani kidogo, wino usije ukachuruzika.

Lakini mwaka huu kadi yake haikuja. Nimelifikiria sana, na nadhani nimeelewa. Nyumba iliyofiwa haitumi kadi za mwaka mpya. Ndivyo desturi ilivyo. Basi kuna msiba kule, labda mama yake, ambaye ni mzee sana. Siwezi kumhimiza mfiwa. Lazima wamalize siku zao za maombolezo, kisha zipite wiki chache za heshima. Nimetuma salamu za pole.

Vumilia hadi Machi, mwanangu. Ndugu si ofisi.

Baba yako

*

Belém, 17 Machi 1991

Baba,

Shikamoo, na kwa Mama pia. Afya zetu si mbaya.

Hakuna msiba kule. Sijui kuna nini, lakini msiba hakuna. Wiki iliyopita nilipanda ngazi za Bwana Okubo bila kukuaga. Kumbe alikuwa ameshaiandikia ofisi ya mji mwenyewe, tangu Januari, kwa sababu alijua nitarudi. Alifungua saraka akanipa nakala ya ukurasa wetu. Jina la babu lipo, jina lako lipo, na hakuna kifo kipya kilichoandikwa.

"Ndugu amekubali kuitoa?" nikamuuliza.

"Ndugu wa nini? Mjukuu ana haki ya kuomba mwenyewe kwa posta. Wiki tatu tu."

Wiki tatu, Baba.

Nyumba za familia ziliisha Desemba. Kilichobaki ni vitanda vya bweni kwa wafanyakazi, na bweni halipokei watoto. "Mwaka mmoja tu, Mama Lídia, kisha mtamwita," anasema. Nivaldo sasa anauza barafu bandarini. Juzi nilimkuta anaosha mikono nyuma ya nyumba kwa muda mrefu, ili nisione kwamba analia.

Tunaondoka tarehe ishirini Aprili. Lídia nitamleta kwenu siku ya Pasaka. Nimemwambia anakuja kuona pilipili zikichumwa.

Nina ombi moja. Nikifika, tafadhali usinieleze kitu. Mpokee tu mtoto.

Harue

*

Karibu na Hiroshima, 20 Agosti 1991

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa kimya miezi minne, nawe hukustahili hivyo. Nilikuwa nikianza barua na hasira, nikaichana. Nikianza nyingine bila hasira, nikaishia kwenye salamu. Je, mu wazima? Lídia analala vizuri? Bado anaogopa vyura?

Mimi nafunga vyakula vya mchana kwenye visanduku, nikiwa nimesimama tangu alfajiri. Nivaldo yuko mji mwingine, saa nne kwa treni. Bwana Okubo alisema tutakuwa pamoja. Tulipofika, mwenyeji wetu wa huku, anayeshirikiana naye, akasema kiwanda kimepunguza watu, shukuruni mmepata. Tunaonana Jumapili moja kwa mwezi, stesheni, kama wachumba.

Lakini nakuandikia jambo jingine. Wiki iliyopita ilikuwa sikukuu ya kuwakumbuka wafu, kiwanda kilifungwa, nikaenda Kumamoto. Nyumba ya babu ni ndogo, Baba. Mlangoni alitoka mke wa Shigeo, Mama Kimie, kashika ufagio.

"Wewe ndiye wa Brazili?"

"Ndiyo mama. Mjukuu wa Eikichi."

"Umekuja na mwanasheria?"

"Nimekuja na biskuti," nikasema, nikainua boksi.

Sauti ya mzee ikatoka ndani: "Mwambie shamba nusu tulishauza mwaka wa mafuriko!"

"Nyamaza, Shigeo, hajauliza!"

"Atauliza! Ndilo lililomleta!"

Unaelewa, Baba? Barua zako walizipata zote. Ya pili waliipeleka kwa karani wa mji awasomee vizuri, na karani akawaambia shamba lililobaki na nyumba bado vimeandikwa jina la baba yake babu, kwa hiyo tawi la mtoto wa kwanza lina fungu lake. Wakaitoa ile picha ya Pasaka, wakahesabu vichwa. "Watu ishirini na watatu!" Mama Kimie aliniambia, ufagio bado mkononi. "Sisi wazee wawili na paka. Mkirudi nyumbani wote, sisi mtatulaza wapi?"

Kadi hawakutuma kwa sababu walihofia hata salamu itachukuliwa kuwa wamekubali.

Mwishowe waliniruhusu kuingia kufukiza uvumba. Ndani ya kabati kuna picha ya babu akiwa kijana, kabla ya meli. Wameitunza. Mama Kimie alisema Kijapani changu ni kama cha marehemu bibi yake, akacheka kwa mara ya kwanza, akanipa figili za chumvi nije nazo. Pia alinipa karatasi ninayoiambatanisha humu. Inasema tawi letu halidai kitu. Wanakuomba utie sahihi ili walale usingizi. Sikuwaahidi. Hilo ni lako.

Nimemuuliza mwenyeji wetu kuhusu nyumba za familia. Anasema kazi zimekuwa chache, labda mwakani.

Nirekodie sauti ya Lídia kwenye kaseti. Hata akiimba ovyo.

Binti yako,
Harue

*

Tomé-Açu, 6 Oktoba 1991

Mwanangu Harue,

Marahaba, marahaba. Sisi ni wazima. Kifua cha Mama yako kinampa shida asubuhi, ila mchana anagombana na kila mtu kama kawaida.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Uliniomba siku ile nisieleze, na leo sitaeleza mengi. Nilidhani naandika salamu, kumbe nimeandika madai. Kila neno lilikuwa sahihi, na kila neno liliwatisha wazee wawili. Ningekuwa nimekutana na barua hiyo kwenye daftari la mwanafunzi, ningeipa alama za juu.

Karatasi nimeitia sahihi na kuipeleka posta leo. Nilikaa nayo siku tatu. Si kwa ajili ya shamba, maana shamba la figili nitalifanyia nini? Niliona kama nautia mkono wangu kwenye ukurasa na kumtoa baba yangu ndani ya nyumba. Mama yako akasema, "Ametoka tangu mwaka elfu moja mia tisa na thelathini, Takeo. Tia sahihi tule."

Kuhusu Lídia. Wiki za kwanza, kila lori la ushirika lilipopita alitoka barabarani kuangalia nani anashuka. Sasa hatoki tena. Sijui nikuambie hiyo ni habari njema au mbaya. Anamwita bibi yake "Mama". Tumemkataza, na Mama yako ndiye aliyemkataza kwa sauti ndogo kuliko wote. Kaseti imo humu. Mwanzoni hakutaka kusema, maana anasema redio haijibu.

Baba yako anayekuomba radhi,
Takeo

*

Tomé-Açu, 13 Juni 1993

Mwanangu,

Barua hii utaipokea kutoka mkononi mwa Lídia mwenyewe. Nimeishona ndani ya mfuko wa koti lake, mshono wangu, usiucheke.

Mimi ni mzima, isipokuwa macho. Daktari wa Belém anasema ni ukungu unaoweza kuondolewa, siku zamu yangu itakapofika. Tangu tulipomzika Mama yako Februari, nyumba hii imekuwa na mtoto mmoja na mzee asiyeona tofauti ya chumvi na sukari. Mara mbili nimempikia Lídia uji wa chumvi. Aliula bila kusema, ili nisihuzunike. Hapo nilijua kwamba lazima aondoke. Mtoto wa miaka sita asimlee babu yake.

Uliposema kwenye simu ya ushirika kwamba wewe na Nivaldo mmepata vyumba viwili kwa jitihada zenu wenyewe, nilifurahi, kisha nikajiuliza: Nani atamleta? Mimi siwezi. Ndege haimbebi mtoto peke yake nchi tatu. Basi nilivaa suti niliyoivaa kwenye harusi yako, nikapanda basi na Lídia, nikapanda zile ngazi juu ya duka la dawa.

"Mwalimu Morinaga," akasema Bwana Okubo. "Miaka mitatu umenikwepa."

"Sikukukwepa. Nilikukataa."

"Na leo?"

"Leo nakuomba."

Hakucheka, nami namshukuru kwa hilo. Anasafiri na wafanyakazi kumi na mmoja wiki ijayo, na atakaa kiti cha pembeni ya Lídia. Hataki malipo. Nimempa kilo mbili za pilipili manga, akazipokea kwa mikono miwili.

Sasa sikiliza. Lídia halali bila mlango kuwa wazi kidogo. Maziwa hapendi, ila ukimwambia ni ya ng'ombe wa jirani atakunywa. Akisema "Mama aliniambia", mara nyingi ana maana ya marehemu bibi yake. Usimsahihishe haraka. Ananiuliza kama atarudi wakati wa mavuno. Nimemwambia ndiyo, mavuno huwa kila mwaka. Sikusema uongo, lakini najua nilichofanya.

Mpokee.

Baba yako

*

Hiroshima, 2 Julai 1993

Baba yangu,

Shikamoo. Macho yako yanaendeleaje? Amefika. Ni mzima, hana homa, amekua mpaka koti limemwacha mikono nje.

Nilikuwa uwanja wa ndege tangu asubuhi, na Nivaldo kanyoa ndevu mara mbili. Bwana Okubo alitoka kamshika mkono, akamwonyesha, "Yule pale." Nikapiga magoti sakafuni, mikono nimeinyoosha. Baba, nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilijiandaa hata anikimbie.

Alikuja taratibu. Akasimama hatua chache mbele yangu, akaweka begi chini, akaunganisha miguu. Kisha akainama, mgongo umenyooka kabisa, akasema kwa Kijapani kizuri kuliko changu: "Naitwa Lídia. Nitawasumbua kwa muda. Naomba mnipokee kwa wema."

Kama mgeni anavyosalimia wenye nyumba. Watu waliokuwa karibu walitabasamu, wakasema ana adabu iliyoje.

Najua ulimfundisha kwa nia njema, ili asiaibike mbele ya watu wa huku. Anaomba ruhusa kwenda chooni. Akimaliza kula anatushukuru, anaosha bakuli lake, analiweka mbali na yetu. Jana usiku Nivaldo alimwambia, "Mwanangu, hapa ni kwako." Akajibu, "Asante sana," akainama.

Wewe ulilea watoto wa watu wengi. Inachukua muda gani, Baba? Nieleze. Safari hii nataka unieleze.

Binti yako,
Harue

*

Tomé-Açu, 1 Agosti 1993

Mwanangu Harue,

Marahaba. Usishangae mwandiko, ni wa jirani yetu Dona Iracema. Yeye ndiye anayenisomea na kuniandikia sasa. Katika barua yako, alipofika pale Lídia alipoweka begi chini, aliikunja karatasi. Nikamwambia endelea, mama, ni ya kwangu.

Umeniuliza inachukua muda gani. Sijui. Nimekaa na swali lako barazani wiki nzima na sina la kufundisha.

Usimkataze kuinama. Mwitikie. Lakini bakuli lake lichanganyeni na yenu, kila siku, hata akilitenga tena. Siku moja atafungua kabati bila kuomba, atakula kitu ulichowawekea wageni, utamgombeza, naye atakununia na kukupigia mlango usoni.

Siku hiyo niandikie. Dona Iracema atanisomea.

Baba yako